Jina Chini ya Weupe

Wadogo zangu,

Mwalimu wenu wa karakana aliniomba niwaandikie kuhusu kazi ya enameli, "kama mstaafu anayezungumza na vijana." Nilikaa na ujumbe wake muda mrefu kabla ya kujibu. Sijafika miaka thelathini na tano. Nikajiuliza kama mtu anastaafu kwa umri au kwa kazi kumwacha, na kama ni kazi iliyomwacha, je, ana haki ya kujiita mstaafu au aseme tu hana kazi? Nililigeuza hilo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaona hakuna mwingine wa kuombwa. Mzee Nandonde aliyenifundisha, mkono wake wa kulia hauandiki tena. Karakana yetu ya Newala imefungwa. Basi mstaafu ni mimi.

Kwanza mjue ninazungumzia nini. Mnakijua kile kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, ambacho bibi zenu wamekinywea uji tangu hamjazaliwa. Ule weupe si rangi ya kupaka. Ni kioo. Kioo kimesagwa kikawa unga, kikakorogwa na maji na udongo laini, kikamwagiwa juu ya chuma, kikakaushwa, kisha kikaingia kwenye tanuru kikayeyuka na kushikana na kile chuma. Kikishapoa, hakifutiki. Jua la kwetu linaweza kufifisha maandishi ya duka mpaka mwenye duka mwenyewe asahau aliliitaje, lakini enameli haliigusi.

Sisi hatukutengeneza vikombe. Mzee Nandonde alivitengeneza ujanani, kwenye kiwanda huko Dar, na kiwanda kilipokufa alirudi nyumbani na ujuzi wake na matofali machache yanayostahimili moto. Akajenga tanuru la umeme, dogo kama kabati la vyombo. Kazi yetu ilikuwa vibao: namba za nyumba, vibao vya zahanati, vya misikiti na makanisa, na zaidi ya vyote vibao vya makaburi. Ubao wa mti kwenye udongo wetu huliwa na mchwa kabla wafiwa hawajamaliza kulia.

Mimi nilifika pale kwa sababu mama alinituma kuulizia kibao cha kaburi la baba. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimeomba kazi kila mahali, na nilikuwa nimeanza kuogopa kukutana na walimu wangu wa zamani barabarani. Mzee Nandonde alikuwa ameinama juu ya bati lenye mapovu kama ngozi iliyoungua.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umesomea nini wewe?"

Sijui alijuaje kwamba nimesoma. Labda ni vile nilivyoganda mlangoni nikifikiria niingie na viatu au nivue.

"Kemia."

"Kaa hapo basi. Niambie kwa nini hili limetoka mapovu."

Nikampa sababu tatu: chuma kichafu, mafuta, au unyevu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ya pili." Kisha akaninyooshea bati jipya nilishike, akaona mikono yangu, akalirudisha nyuma. "Subiri. Lete nikunuse."

Asubuhi ile nilikuwa nimechoma korosho nyumbani. Ninyi wa Masasi na Newala mnajua mafuta ya ganda la korosho: yanaunguza ngozi, yanaingia kwenye mistari ya viganja, na sabuni inayakuta hapo na kuyaacha hapo. Kidole chenye mafuta hayo kikigusa chuma, hapo kioo hakikai. Kinajikunja na kukimbia, na unabaki na doa jeusi lenye umbo la kidole chako. Sehemu nyingine za dunia sidhani kama mafundi wa enameli wana adui huyu. Sisi tulikuwa naye kila msimu. Mteja anatoka shambani, anaingia, anasema "Hiki ndicho changu?" na kukishika, na kazi ya siku nzima imekwisha.

"Kemia imekaanga korosho," Mzee akasema, na tangu siku ile akaniita Kemia. Sikurudi nyumbani na jibu la mama hadi jioni.

Nitawaambia yale ambayo mkono wangu bado unayakumbuka, msije mkasema nimewaandikia hadithi tupu. Chuma kioshwe kwa tindikali mpaka kiwe cha kijivu kisichong'aa, na baada ya hapo kishikwe ukingoni tu. Unga ukorogwe na maji ya mvua, si ya bomba. Maji yetu yana chumvi zake, na zinaonekana baadaye kama vidoa. Hilo nililigundua mimi kwa kulinganisha mabati, na Mzee alibisha miezi, kisha siku moja nikamkuta anakinga maji ya paa bila kuniangalia. Tabaka la kwanza ni la bluu nzito, karibu jeusi. Halipendezi, lakini ndilo linaloshikana na chuma. Weupe unakaa juu yake. Ukipaka weupe moja kwa moja juu ya chuma, utabanduka kama ganda la yai.

Moto tuliupima kwa macho, kupitia tundu la mlango. Kipimo cha joto kilikufa kabla sijafika. Mzee alisema ndani ya tanuru pawe na rangi ya bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho la mwisho wa msimu, linaloelekea wekundu. Dakika chache tu, na bati linaanza kung'aa kama limemwagiwa maji. Hapo unatoa.

Na kabla ya kufungua mlango wa tanuru, ilibidi niliamkie.

"Limekuzidi umri," Mzee alisema mara ya kwanza nilipocheka. "Liamkie."

"Shikamoo, tanuru."

Alinifanya niseme hivyo kila siku, na yeye akiitikia kwa niaba yake, kwa sauti nzito ya tumboni: "Marahaba." Nilijiuliza mara nyingi kama ni mzaha au ni njia yake ya kunifanya nisimame kidogo nipumue kabla ya kusogeza uso kwenye moto. Sikuwahi kumwuliza. Ningeuliza, angeacha.

Hakuwa malaika. Alipenda kuchoma mihogo ndani ya tanuru linapopoa. Siku moja akaisahau humo, tukawasha tena, na moshi wake ukageuza kibao cheupe cha zahanati kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka kulia. Muuguzi alipokuja kukichukua alikitazama, akasema, "Kiacheni. Na sisi wenyewe tumechujuka." Nadhani bado kiko pale.

Kisha Mzee akapata kiharusi. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake Masasi, na nikabaki mimi na ufunguo.

Sijui niwaelezeje upweke wa karakana. Mkiwa wawili hamsemi sana, kila mtu yuko na bati lake, lakini ukimya ule mmegawana. Ukibaki peke yako, ukimya wote ni wako. Bati likipoa linatoa mlio, ti, ti, ti, na kioo kinajikaza. Nilikuwa nasikiliza milio hiyo kama mtu anayesubiri simu. Niliendelea kuliamkia tanuru. Halikuitikia, na bado nilisimama kidogo kila mara, kulipa nafasi.

Wateja nao walipungua. Huko Masasi walianza kuuza marumaru yenye picha ya marehemu iliyochapwa kwa mashine, unasubiri na kuondoka nayo. Siwalaumu. Picha inamwonyesha mtu anatabasamu, na mimi nilikuwa na herufi tu.

Katika kipindi hicho ndipo alipokuja Mama Salumu wa Chilangala. Ameniruhusu nisimulie habari hii. Majina nimeyabadilisha, na moja sitalitaja kabisa, mtaona kwa nini.

Alikuja na kaka yake, Mzee Mchopa. Salumu, mtoto wake wa pekee, kijana aliyekuwa ameanza kujenga nyumba, alikuwa ameugua ghafla na kufariki, na walitaka kibao kiwepo kaburini siku ya dua ya arobaini. Mzee Mchopa macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, lakini kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa korosho kwenye ghala la chama cha wakulima. Alikuwa akiingiza mkono guniani, anasugua korosho kidogo, anakwambia zimekauka au zirudi juani. Hakuna aliyembishia.

"Shikamoo mzee. Samahani, mmetoka kwenye korosho?"

"Marahaba. Ni nani huyu anayenusa watu asubuhi?"

Alipoelewa alicheka, akanawa, kisha akaomba ashike kibao cha mfano. Alikipapasa chote, polepole, mpaka kidole kikasimama. "Hapa pana kovu." Nikaangalia. Palikuwa na kichuguu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho mimi mwenye macho sikuwa nimekiona.

Akataja maandishi: Salumu, jina la baba yake, basi.

"Na lile langu," Mama Salumu akasema.

"Dada."

"Lile nililompa mimi alipozaliwa."

"Dada, mtoto huyu nilimpeleka jandoni mimi. Nikamtoa mimi. Jina lile tuliliacha kule kule. Leo mwanamume mzima alazwe, kisha watu wapite wamsome kwa jina la kitoto?"

"Nilimwita hilo nikimnyonyesha."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi."

"Basi nini? Nimtukane kwa mkono wangu?"

Wadogo zangu ambao kwenu si huku: kijana wetu akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la zamani halitamkwi tena. Kumwita nalo ni kumwambia hajawa mtu. Hata mama yake hulimeza. Mzee Mchopa hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya chini, na yeye pia alikuwa amefiwa. Lakini alikuwa mjomba, na kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho. Mama Salumu alikuwa anaishi kwenye uwanja wa kaka yake huyo. Alifunga mdomo. Niliandika walichokubaliana.

Kesho yake alirudi peke yake. Alisema alisahau mwavuli. Hakukuwa na mwavuli. Akaketi kwenye kigoda cha Mzee Nandonde, na sikumwambia kwamba huwa hakikaliwi. Ukutani kulikuwa na kibao cha zamani kilichopigwa jiwe. Weupe ulikuwa umebanduka na bluu ikaonekana ndani.

"Kumbe chini yake pana rangi nyingine?"

"Lipo tabaka la kwanza, mama. Weupe unakuja juu."

Nikaendelea kuchekecha unga, nikijifanya nina haraka.

"Huko chini hakuna anayesoma," akasema.

"Hakuna."

"Kioo kikishafunika, hakitoki?"

"Hakitoki. Labda kivunjwe."

"Sitaki litamkwe, mwanangu. Kaka yangu ana haki. Nataka tu lisiwe limekwenda kabisa. Mimi na kaka tukifa, hakuna mtu duniani atakayejua kwamba aliwahi kuitwa hivyo."

Alilisema jina lenyewe mara moja, kwa sauti ya kumwamsha mtoto. Kisha akaondoka, hakungoja jibu.

Sasa fikirini mtu kama mimi, ambaye hutafakari kutwa nzima kama ajibu ujumbe kwa nukta au bila nukta, ameachiwa jambo kama hilo. Kibao ni cha nani, cha mjomba aliyekiagiza au cha mama? Ikionekana, mama huyu atakaa wapi? Nikikataa, nitakuwa nimezuia nini hasa, kitu kisichoonekana na mtu? Na kile kioo chenyewe: tabaka likizidi unene hupasuka lenyewe linapopoa. Huenda ningeonyesha jina hadharani kwa ule ule mkono wa kulificha.

Nikampigia Mzee Nandonde. Binti yake akamwekea simu sikioni. Sikumwambia habari ya watu, niliuliza ufundi tu: nikiandika kwa brashi juu ya tabaka la kwanza, nikachoma, kisha nikafunika kwa weupe, itashika?

Nilimsikia akipumua. "Nyembamba," akasema. Maneno yalikuja moja moja. "Pitisha mbili. Nyembamba. Moto usizidi bibo."

"Ahsante, Mzee."

Kisha akauliza, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni: "Wewe ni nani mwenzangu?"

Nilimwambia ni Kemia. Akasema, "Aa," lakini ilikuwa ile ya kunisaidia nisione aibu. Nikakata simu, nikakaa. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita na mizigo yao, na nikafikiri kwamba kulikuwa na jina langu moja ambalo mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akilijua. Nikanawa mikono mpaka viwiko. Nikachukua brashi ndogo.

Niliandika lile jina juu ya bluu, kwa weupe, sehemu ya chini ambako kwa kawaida tunaacha wazi. Nikalichoma. Lilipotoka lilikuwa zuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na nililitazama nikijua sisi ni wawili tu, na mwenzangu ni tanuru. Nikapitisha weupe, nyembamba, nikachoma. Likafifia. Nikapitisha tena, nikachoma. Likapotea. Juu nikaweka herufi nyeusi za Salumu na za baba yake, nikachoma mara ya mwisho. Ti, ti, ti.

Asubuhi nilikiinamisha kuelekea mlangoni, mwanga ukakipitia ubavuni. Macho hayakuona rangi yoyote. Lakini uso ulikuwa na mawimbi. Kioo hufunika rangi, umbo kinalifuata. Nikapitisha kidole: jina lilikuwa pale, laini, kama mshono chini ya kitambaa. Niongeze weupe mwingine? Kitapasuka. Nianze upya? Bati la kutosha halikuwepo, na dua ilikuwa kesho. Nikajipa moyo kwamba hakuna mtu anayepapasa vibao vya makaburi. Ndipo nikamkumbuka Mzee Mchopa.

Nilikwenda Chilangala mwenyewe kukifunga. Dua ilisomwa, watu wakala, wengine wakaanza kuondoka. Mzee Mchopa akasema, "Nipelekeni kwa mpwa wangu nikamwone." Kijana mmoja akamshika mkono mpaka kaburini, akamwacha hapo. Mama Salumu alikuwa amesimama upande wa pili, ameweka upindo wa kanga mdomoni.

Mjomba alianza na herufi nyeusi, kwa kidole, midomo ikicheza: Salumu. Jina la baba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikateremka kwenye weupe mtupu, kikifuta vumbi tu, na kikasimama. Kikarudi kushoto. Kikaenda tena kulia, polepole, herufi baada ya herufi, kama ambavyo alikuwa akisugua korosho kabla ya kusema neno ambalo wakulima wote walilingojea. Sikuweza kumtazama Mama Salumu.

"Fundi yuko hapa?"

"Nipo, mzee."

"Huku chini hukuandika kitu."

"Hakuna maandishi meusi, mzee."

"Sikukuuliza."

Kiganja chake kizima kilikuwa sasa juu ya ile sehemu, kimetulia.

"Hiki kinaogopa nini? Jua?"

"Hakiogopi."

"Mvua? Mchwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi hakiogopi kitu."

"Jiwe," nikasema. "Kikipigwa jiwe weupe unabanduka, na cha ndani kinaonekana."

"Jiwe," akarudia. Akafuta kibao kwa mkono wa kanzu yake, pote, juu mpaka chini. Kisha akanyoosha mkono hewani. "Dada, nishike. Jua limekuwa kali, turudi nyumbani."

Nilifanya kazi nyingine chache baada ya hapo, kisha unga ukaisha na sikuagiza mwingine. Sasa naishi Masasi, karibu na kwa Mzee Nandonde. Jioni huwa naenda kukaa naye. Siku nyingine ananijua.

Mwaka huu nilipita Chilangala. Makaburi ya pale, kama mengi ya kwetu, yamezungushiwa mawe. La Salumu limezungushiwa magogo ya mkorosho. Kibao ni cheupe vile vile, hakina ufa. Nilizunguka nikitafuta hata jiwe moja karibu nalo, dogo la kutosha mkono wa mtoto, na sikulipata. Mtu ameyaokota yote. Na kwa jinsi mchanga ulivyopapaswa, mpaka chini ya nyasi, ni mtu aliyeyatafuta kwa vidole.